Raba za Breki na Mteremko wa Mlima

Mwaka jana, siku chache baada ya masika kumalizika, mjukuu wangu alikuja kunisalimu kihambani akiwa na baiskeli nyembamba yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Aliinunua imeshatumika, nayo ndiyo humpatia riziki, kwa sababu huongoza wageni wanaopenda kuzunguka vijiji vyetu kwa baiskeli kabla au baada ya kupanda Mlima. Niliikagua kama nilivyokuwa nikikagua madaftari ya wanafunzi. Nilipofika kwenye magurudumu nikakuta hakuna raba za breki kandokando ya rimu. Badala yake, katikati ya kila gurudumu kulikuwa na sahani ya chuma yenye matundu, na kifaa kidogo kilichoikumbatia sahani hiyo.

"Hizi ni breki za diski, Babu," akaniambia. Kisha akaniuliza swali ambalo nadhani alilitoa kama mzaha, kwa vile anajua kwamba napenda kuulizwa maswali: "Pedi zake hudumu kilometa ngapi? Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake."

Ndugu msomaji, swali hilo lilinikosesha usingizi usiku ule. Jibu lake halikuwa gumu kiasi hicho, bali nilikuwa nimekwisha kuulizwa swali hilohilo zaidi ya miaka arobaini iliyopita, na mtu mwingine, kuhusu baiskeli nyingine, nami nikajibu vibaya. Nitalieleza jambo hilo mahali pake. Kwanza hapana budi tuanzie mbali kidogo.

Mji wetu wa Moshi wenyewe umeteremka mlima. Wajerumani walipojenga boma lao la kwanza waliliweka juu, mahali tunapopaita sasa Old Moshi. Reli kutoka Tanga ilipofunguliwa mwaka 1912, stesheni ilikuwa chini kwenye tambarare, na maduka, ofisi na watu wakaifuata huko. Tangu siku hizo maisha ya mtu wa mlimani yamekuwa ya kushuka na kupanda. Kihamba kiko juu, penye migomba na kahawa, na shamba la mahindi liko chini. Soko, hospitali, ofisi ya wilaya na stesheni, vyote viko chini. Kwa miaka mingi mizigo ya safari hizo ilibebwa vichwani na migongoni, na zaidi ni mama zetu walioibeba.

Kahawa ndiyo iliyoleta baiskeli kwa wingi. Wakulima wenyeji waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana mbali nje ya mipaka ya nchi hii. Katika miaka ya 1950 bei ya kahawa ilipokuwa nzuri, mzee aliyeuza magunia yake alifikiria mambo matatu: mabati, karo ya mtoto, na baiskeli. Marehemu baba yangu mdogo alinunua Raleigh nyeusi wakati mimi sijaanza shule. Nakumbuka harufu ya mafuta yake, na kengele yake ambayo sisi watoto tulikatazwa kuigusa, tukaigusa.

Baiskeli zile ziliundwa Nottingham, Uingereza, na breki zake hazikuwa za waya. Zilikuwa na fito za chuma zilizotoka kwenye usukani, na ulipobana mkono fito hizo zilivuta kipande cha chuma chenye umbo la kwato, ambacho kilibeba raba mbili na kuzikandamiza kwenye rimu kwa upande wa ndani. Ni mtambo mgumu usioharibika ovyo. Mtu wa Tabora au Shinyanga, anakokwenda kilometa nyingi bila kuona kilima cha maana, aliweza kukaa na raba hizo hadi akasahau kwamba zipo. Huko kilichokwisha kwanza ni tairi, mnyororo na friwili.

Kwetu mambo yalikuwa kinyume. Baiskeli ya mlimani hupanda ikisukumwa na huteremka ikipandwa. Mnyororo wake haufanyi kazi kubwa. Kazi yote ni ya raba nne ndogo, kila moja haizidi urefu wa kidole gumba, na zikiisha zote hakuna kinachobaki ila miguu ya mwenye baiskeli. Vijana wa rika langu tuliijua sana breki ya mguu: unaingiza soli ya ndara nyuma ya uma, ikasugue tairi la mbele. Ndara ilikwisha upesi, na mara nyingine ngozi ya unyayo nayo.

Wala tusidhani kwamba tabu hii ni yetu peke yetu. Kule Goma, mashariki ya Kongo, watu huteremsha magunia ya viazi na makaa kwa chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, bila pedeli wala mnyororo. Breki yake ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Hata Ulaya, baiskeli za zamani zilikuwa na breki iliyosugua tairi lenyewe. John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi la upepo huko Belfast mwaka 1888, breki ya namna hiyo ikawa hasara, maana ilikula tairi la bei ghali. Ndipo mafundi wakahamishia raba kwenye rimu. Kwa hiyo tangu mwanzo watu wamekuwa wakichagua kitu gani kiliwe ili mtu apone: kiatu, tairi, raba au chuma. Breki ya kusugua isiyoliwa haijapata kutengenezwa, maana hiyo si breki.

Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu niliwapa wanachuo hesabu ifuatayo, nami naomba msomaji anivumilie. Chukua kijana wa kilo 65, baiskeli ya kilo 20 na ndizi za kilo 35. Jumla ni kilo 120. Aanze juu, Marangu Mtoni, ateremke hadi Himo, tuseme kushuka kwa meta 500. Ukizidisha uzito huo kwa mvutano wa dunia na kwa kimo hicho, unapata takriban jouli 588,000. Nguvu hiyo haiwezi kupotea hewani hivihivi. Sehemu yake huchukuliwa na upepo anaoupasua, lakini kijana akienda polepole, kama inavyompasa mwenye mzigo, karibu yote hugeuka joto katika breki. Joto hilo lingeweza kuchemsha maji ya baridi yapatayo lita moja na robo tatu, yaani birika zima la chai. Sasa mpeleke kijana huyohuyo umbali uleule kwenye barabara tambarare. Breki zake hazitapata joto hata la kupasha kijiko.

Wanachuo walicheka waliposikia habari za birika, ila walielewa. Kilometa si kipimo cha raba za breki. Kipimo ni kimo unachoteremka, uzito unaoubeba, na kile kinachoingia kati ya raba na chuma. Na sisi tunaoishi kwenye mabega ya volkano tunakijua kinachoingia. Wakati wa kiangazi ni vumbi laini linalosugua kama msasa. Wakati wa masika ni tope. Juu ya hayo, rimu za zamani zilikuwa za chuma kilichong'arishwa, na chuma hicho kikilowa raba huteleza juu yake kama sabuni. Mtu hubana kwa nguvu zake zote, na baiskeli inaendelea kwenda.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Mwaka 1982 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi moja huku juu. Nilikuwa kijana bado, sijafika hata miaka thelathini na mitano, lakini wakati ule walimu tulihitajika sana. Baada ya uamuzi wa Musoma wa mwaka 1974 kwamba kila mtoto asome, na kuanza kwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, madarasa yalijaa kuliko tulivyoweza kuyahudumia. Kisha vikaja Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakauka. Walioishi miaka ile hawahitaji kukumbushwa foleni za sukari, sabuni na vitenge. Baiskeli nayo ilikuwa na foleni yake. Tairi lilipatikana kwa kibali, kama lilipatikana, na raba za breki hazikuonekana madukani.

Shule yetu ilikuwa na baiskeli moja nyeusi na tarishi mmoja. Tarishi yule alinizidi umri kwa miaka kumi hivi, nami nilimwita Kaka, yeye akaniita Mwalimu. Alikuwa na mke na watoto wanne, na wawili kati yao walikuwa wanafunzi wangu. Kila wiki aliteremka mjini na barua, fomu na taarifa, na jioni akapanda akisukuma baiskeli yenye chaki, au mafuta ya taa kama bahati ilikuwa yetu.

Mwezi Februari alikuja ofisini akasimama mlangoni. "Mwalimu," akasema, "raba za breki zitadumu muda gani tena? Mimi naona zimekwisha."

Nilitoka nje nikaitazama baiskeli. Nilisimama wima, mikono nyuma, nikaona raba ziko mahali pake. Sikuinama. Laiti ningeinama ningeona kwamba kwa upande wa ndani, unaogusa rimu, zilikuwa zimebaki kama ganda la muhogo. Palikuwa na fundi pale njia panda ambaye alikata raba kutoka matairi mabovu ya malori, yale yale yaliyotengenezewa makatambuga, akazipachika kwenye vyuma vya breki. Hazikuwa nzuri sana, lakini zilishika. Alitaka shilingi chache. Katika sanduku la shule zilikuwapo shilingi chache, nami nilizihifadhi kwa ajili ya madaftari ya mahudhurio.

"Zinafaa bado," nikamwambia. "Ngoja mwisho wa mwezi ujao."

Juma lilelile tulikuwa tukihesabu mali ya shule. Katika leja ya vifaa, mbele ya neno baiskeli, kwenye safu ya hali, niliandika kwa mkono wangu: *Nzuri*.

Masika yalianza katikati ya Machi. Asubuhi moja ya mwezi wa nne nilimpa fomu za darasa la saba azipeleke ofisi ya elimu wilayani, na siku ya mwisho ya kuzipokea ilikuwa ileile. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alizifunga fomu katika mfuko wa plastiki, akazitia ndani ya shati, akaondoka. Kwenye mteremko ulio juu ya daraja, mahali barabara inapopinda, alibana breki, na chuma kikakutana na chuma. Mbele yake kina mama wanne walikuwa wakipanda kutoka sokoni na mizigo vichwani, wameijaza njia. Aligeuza usukani akaingia katika kahawa za watu, akaanguka kwenye kingo za mfongo. Paja lilivunjika, na nyonga ikaumia.

Kina mama wale ndio waliomnyanyua. Mmoja wao aliacha mzigo wake njiani akaja mbio shuleni na fomu, nazo zilikuwa kavu. Nikampa mwalimu mwingine akazipeleka kwa miguu. Watoto wote wa darasa la saba walisajiliwa.

Kaka alilala hospitali zaidi ya miezi mitatu, akatoka na mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Hakupanda baiskeli tena. Tulimpa kazi ya kulinda shule, yenye mshahara uleule, na mtu angeweza kusema kwamba mambo yaliisha salama. Nilikwenda kumwona mara nyingi. Siku moja nilijikaza nikamwambia kwamba nilitaka kumwomba radhi kwa ajili ya asubuhi ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu bila hasira: "Mwalimu, raba ile haikufa asubuhi ile. Ilikuwa inakufa tangu Krismasi, nasi sote wawili tulikuwa tukiitazama." Alijipa nusu ya kosa ambalo lilikuwa langu lote. Yeye aliinama akaona. Mimi nilisimama wima nikaandika.

Nimefundisha historia kwa miaka mingi, na nimewaambia vijana waheshimu kumbukumbu zilizoandikwa. Hata hivyo, kila nilipotamka maneno hayo niliikumbuka leja ile. Kama mtafiti ataipata siku moja katika stoo, atasoma kwamba mwaka 1982 shule yetu ilikuwa na baiskeli katika hali nzuri. Tarehe ni sahihi, mhuri ni halali, saini ni yangu, na habari ni ya uongo. Ndiyo maana katika chuo niliwafundisha walimu wanafunzi kwamba mkuu wa shule asijaze safu ya hali akiwa amekaa kitini. Apindue dawati atazame misumari. Apande juu ya paa. Amwulize anayekitumia kifaa, na akiisha kumwuliza, amwamini.

Basi nirudi kwa mjukuu wangu na diski zake.

Breki ya diski si ngeni duniani. Mwingereza Frederick Lanchester aliipatia hataza kwa ajili ya magari mwaka 1902. Mwaka 1953 magari ya Jaguar yaliitumia yakashinda mashindano ya Le Mans, Ufaransa, na dunia ikaamini. Katika baiskeli za mashindano ya barabarani ilichelewa sana. Chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, kiliruhusu majaribio mwaka 2015, kikayasimamisha kwa muda mwaka 2016 baada ya mshindani mmoja kudai kwamba diski ilimkata mguu, na ndipo mwaka 2018 kikaziruhusu rasmi. Faida yake kwetu iko wazi: diski iko juu, mbali na tope la rimu, na hushika hata mvua ikinyesha. Kama Kaka angekuwa nayo, huenda angeteremka salama.

Lakini pedi zake ni nyembamba kuliko raba za zamani. Nyama inayosugua ni milimeta chache tu, na watengenezaji wakubwa kama Shimano huagiza zibadilishwe nyama hiyo ikibaki nusu milimeta. Ziko za mchanganyiko wa gundi na nyuzi, ambazo hazina kelele na hushika upesi, ila huisha haraka katika tope. Ziko pia za unga wa metali ulioshindiliwa kwa joto, ambazo hudumu zaidi na hustahimili joto la mteremko mrefu, ila hupiga kelele. Tone la mafuta likiingia juu ya pedi, huenda ikawa imekufa hata kama ni mpya. Ndiyo sababu kila mtu alimpa mjukuu wangu jibu lake. Mmoja huendesha tambarare, mwingine mlimani. Mmoja ni mwepesi, mwingine hubeba begi la mgeni. Na kila mmoja husema kweli yake.

Kuna jambo moja nililolipata nilipomwomba anieleze mtambo ule, nalo lilinishtua. Raba za zamani zilipokwisha, mkono wa breki ulizidi kukaribia usukani, hata mtu mvivu wa kuinama akaonywa na vidole vyake. Breki ya diski inayosukumwa kwa mafuta haifanyi hivyo. Pedi ikipungua, bastola zake ndogo husogea mbele zenyewe zikaziba pengo. Mkono haubadiliki. Leo ni sawa na jana, na kesho itakuwa sawa na leo, hadi siku chuma kitakapokutana na chuma. Ni breki nzuri kuliko zetu zote, lakini haimlalamikii mtu. Ule mlango wa ofisi ambao Kaka alisimama akaniuliza, breki hii haina.

Asubuhi nilimwita mjukuu wangu nikamwambia: "Usihesabu kilometa. Nunua daftari dogo. Kila uteremkapo, andika umetoka wapi, umefika wapi, na ulibeba nini. Kila Jumamosi fungua gurudumu uzitazame pedi kwa macho yako. Zikiisha, tazama daftari. Hapo utakuwa na jibu lako mwenyewe, la mlima huu na uzito wako."

"Sawa, Babu," akasema, kama wasemavyo vijana wanapotaka kuondoka.

"Leo ni Jumamosi," nikamwambia.

Akacheka, akaipindua baiskeli juu ya majani, akafungua gurudumu la mbele. Nilipiga magoti kando yake, jambo ambalo katika umri wangu si dogo, nikamshikia tochi. Pedi moja ilikuwa na nyama ya kutosha. Nyingine ilikuwa imebaki nyembamba kama kucha, na kwenye ncha moja chuma kilikuwa kimeanza kung'aa. Wiki ile alikuwa ameteremka nayo kutoka Marangu mara tatu, akiwa na wageni nyuma yake.

Hatukusemezana kwa muda. Kisha nikaingia ndani nikamletea nauli ya daladala, ili aende mjini kununua pedi, na baiskeli nikaifungia katika banda la mbuzi mpaka aliporudi.